Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: akina mama mliowahoji bado wanangoja majibu

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti.

Waheshimiwa,

YAH: MATOKEO YA UTAFITI WA AFYA YA UZAZI AMBAYO HAYAJARUDI KWA WALIOHOJIWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua tatu zilizotangulia nilizianza kwa maneno hayohayo. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu, ikagongwa mhuri wa "IMEPOKELEWA", nikarudi na nakala. Ya pili niliituma kwa rejista. Ya tatu niliituma kwa barua pepe, na ndiyo pekee iliyojibiwa: sentensi moja, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Wakati huo watu wa huku walikuwa wanatifua mashamba kungoja mvua. Mvua zimekuja zimekwenda, mahindi yamevunwa na kupukuchuliwa, na sijasikia neno jingine. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nimeona basi niandike hadharani, kwa heshima ileile.

Jina la chuo silitaji, wala la mtafiti. Sina ugomvi na mtu. Ninyi mtajijua, na nadhani vyuo viwili vitatu vingine vikisoma hapa vitadhani vinasemwa vyenyewe.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezalisha kwa miaka 19, yote katika mkoa huu wa Kigoma. Miaka michache iliyopita alikuja kwetu mtafiti wa shahada ya uzamivu kutoka chuoni kwenu. Alitaka kujua kwa nini mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anachelewa kupata msaada: anacheleweshwa na maamuzi ya nyumbani, na njia, au na sisi wenyewe akishafika? Lilikuwa swali zuri, na aliyeuliza alikuwa mtu wa adabu, aliyevua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa watu. Mimi nilikuwa likizo, na kwa kuwa Kiha nakisema, akanichukua niwe msaidizi wake. Tulihoji akina mama 64 majumbani kwao. Fomu za ridhaa nilizibeba mimi, na kinasa sauti nilikishika mimi.

Nyumba moja sijaisahau. Mwenyewe nitamwita Mama Zawadi, ingawa si jina lake. Alitutandikia mkeka chini ya mchikichi, akaingia ndani, akatoka na khanga iliyokunjwa mara nne. Aliifungua polepole. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi mpaka maandishi yake yamefifia, ila kwenye pindo kulikuwa na alama ya rangi ya kahawia, pana kama sahani. "Hii ndiyo ya pili," alisema. "Ya kwanza waliifukia." Mama mkwe wake alikaa nyuma yake anapepeta maharage, akaacha kupepeta. Ilibidi tungoje kidogo kabla ya kuendelea.

Swali la mwisho kwenye dodoso lilikuwa: je, una swali lolote kwetu? Wengi walisema hapana, au waliuliza kama tutaleta sabuni. Yeye aliuliza hivi: "Mkishajua, mtarudi kuniambia? Nilitakiwa kuondoka hapa nyumbani saa ngapi?" Nilimtazama mtafiti, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia Mama Zawadi: ndiyo, tutarudi.

Mwaka huu amekuja kliniki na mimba nyingine. Mnajua, kama ninavyojua mimi, kwamba aliyewahi kutokwa na damu namna ile yuko hatarini zaidi safari inayofuata. Nilipokuwa nampima shinikizo la damu aliniuliza, "Yale majibu yetu yalitoka?" Sikuwa na la kumjibu. Baadaye nikapata habari kwamba yalitoka kitambo, kwamba mtafiti amevaa joho na tasnifu imo maktabani. Nilipopiga simu kuomba nakala, niliambiwa isomewe humohumo ndani, kwa mwenye kitambulisho cha chuo. Kutoka hapa hadi kwenu ni mwendo wa basi usiku kucha na mchana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuna ahadi iliyoandikwa, na aliyeahidiwa ana nakala yake.

Fomu ya ridhaa ilisema, kwa Kiswahili safi, kwamba matokeo yatawasilishwa kwa jamii iliyoshiriki. Niliisoma kwa sauti mara 64, kwa hiyo naikumbuka. Mama asiyejua kusoma aliweka dole gumba, na shahidi akasaini. Tulimwachia nakala moja, na wapo wanaoihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kama hati ya kiwanja.

Azimio la Helsinki, ambalo kila kamati ya maadili hulitaja, linasema anayeshiriki utafiti wa tiba apewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake kwa jumla. Nimesoma pia masharti ya kibali cha kitaifa cha maadili, kwa sababu nakala yake ilibandikwa ofisini kwa mganga mfawidhi wetu. Yanataka taarifa ya maendeleo kila miezi 6, na yanataka nakala za machapisho zipelekwe juu, wizarani na kwa waliotoa kibali. Ni masharti mazuri. Lakini karatasi zote hizo zinapanda. Sikuona mstari unaoiteremsha hata moja hadi kwa mwenye khanga. Ikiwa masharti ya taifa yameliacha hilo wazi, kamati ya chuo ina uwezo wa kuliziba, na haijaliziba.

2. Kigoma ilishawahi kuifundisha dunia kupima damu, na Kigoma yenyewe haijaambiwa.

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndiyo sehemu inayoniuma.

Marehemu Daktari Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa wetu. Kati ya mwaka 1984 na 1991, vifo vya akina mama katika hospitali hiyo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuletewa meli ya vifaa. Yeye na wenzake walikaa wakaorodhesha kinachoua, wakaanza kurekebisha kimoja kimoja kwa kilichokuwepo: tabia za watumishi, vifaa vilivyolala bila kutengenezwa, namna ya kuwafanya wananchi waiamini tena hospitali yao. Mtafiti na mtibabu walikuwa mtu mmoja, na alichokigundua asubuhi kilitumika jioni.

Baadaye, wakitafiti uzazi wa nyumbani humuhumu Kigoma, yeye na wenzake walilitazama jambo ambalo kila mkunga wa jadi alikuwa nalo mkononi: khanga. Mizani haikuwepo kijijini, wala chombo chenye alama, lakini khanga za ukubwa mmoja zilikuwepo kila nyumba. Wakapima, wakakuta kwamba khanga mbili zikilowa chepechepe, damu iliyotoka imepita kidogo nusu lita. Nusu lita ndicho kipimo ambacho vitabu vyetu hukiita kutokwa na damu nyingi. Wakunga wa jadi walifundishwa kipimo hicho, wakajua wakati wa kutoa misoprostol, vidonge vya kuzuia damu, na wakati wa kumkimbiza mama. Yote hayo yalichapishwa mwaka 2005, nje ya nchi, kwa Kiingereza.

Khanga mbili ni doti moja, waheshimiwa. Hakuna mwanamke wa nchi hii asiyejua doti ni nini. Sentensi ya kumwambia Mama Zawadi ilikuwa fupi hivi: doti ikilowa yote, umeshachelewa kuondoka, na ukiona kizunguzungu au jasho la baridi kabla ya hapo, usingoje hata khanga ya kwanza ilowe. Mimi mwenyewe nilisomea ukunga bila kufundishwa kipimo hicho. Nilikijua kwa mtafiti wenu, tukiwa kwenye bodaboda, akinisimulia alichosoma kwa ajili ya tasnifu yake. Kipimo kilichotoka kwenye viuno vya bibi zetu kilinifikia kwa mdomo, juu ya pikipiki, baada ya kuzunguka ng'ambo.

Na msidhani mambo hayo ni ya zamani. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, kwa akina mama zaidi ya 210,000. Baada ya mama kujifungua, mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia uliwekwa chini yake ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote za awali zikatolewa kwa mpigo, si moja moja kwa kungoja. Katika hospitali zilizofanya hivyo, waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6. Katika zilizoendelea na utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 4.3. La kutisha zaidi kwangu ni hili: katika utaratibu wa kawaida, karibu nusu ya waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Nusu! Mimi ni mmoja wa waliokuwa wanakisia kwa macho. Nimesimama leba saa 9 usiku na taa ya simu, nikaandika "damu kiasi" kwenye faili.

Kumbe basi swali la Mama Zawadi, nilitakiwa kuondoka saa ngapi, ni swali lilelile la wataalamu wa dunia: damu ngapi ni nyingi, na unajuaje? Yeye aliliuliza bure, kwenye mkeka wake.

3. Tunaulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza.

Dodoso lilikuwa la Kiswahili na mahojiano yalikuwa ya Kiswahili na Kiha. Tasnifu ni ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Sisemi iandikwe upya. Nasema kurasa mbili za Kiswahili hazimshindi mtu aliyeweza kuandika kurasa mia tatu.

4. Kila mwaka anakuja mwingine na maswali yaleyale.

Baada ya mtafiti huyo wamekuja wengine wanne, wawili wa shahada ya uzamili na wawili ambao sikuelewa vizuri walitumwa na nani. Umbali wa kituo, nauli, nani anaamua nyumbani, mama mkwe alisema nini. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto wake siku ya kuzaliwa ameshasimulia kifo hicho mara tatu, kila mara kwa mgeni mwenye daftari jipya. Mara ya nne alipoona gari la chuo alijifungia ndani, akamtuma mwanawe aseme mama ameenda shamba. Sikumlaumu. Kama matokeo ya kwanza yangebandikwa ukutani kituoni, huyu wa pili angeanza pale wa kwanza alipoishia. Sasa hivi kila mmoja anachimba kisima kipya kando ya kisima, na anayechotwa ni yuleyule.

5. Tumo na sisi wakunga, na tunataka kusoma tulivyosemwa.

Najua katika mahojiano yale tulitajwa. Nilikuwepo. Mama alisema nesi alimfokea, mwingine alisema aliambiwa aende akanunue glovu wakati uchungu umeshakolea, mwingine alilala sakafuni. Nilikuwa nawanukuu wenzangu, na mara mbili nilihisi nanukuliwa mimi. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya watu kusitasita kuleta matokeo vituoni: watumishi watanuna. Tutanuna, ni kweli. Kisha tutasoma.

Upo mfano wa Tanga. Mradi ulioitwa Staha uliwauliza akina mama wa Korogwe na Muheza kama walidhalilishwa wakati wa kujifungua. Walipoulizwa wakitoka hospitali, kiasi cha asilimia 19 walisema ndiyo. Waliofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakaulizwa kwa utulivu, wakafika asilimia 28. Tofauti hiyo peke yake ni somo zima kwa mkunga: mama aliye mbele yako hawezi kukwambia ulimkosea nini. Wale hawakuishia kwenye takwimu. Walikaa na watumishi na wananchi, wakatengeneza mkataba wa huduma unaosema mama atarajie nini na mtumishi atarajie nini, na udhalilishaji ukapungua sana. Daktari Mbaruku alikuwa mmoja wa watafiti wa kazi hiyo pia. Jina lenyewe, Staha, halikuhitaji mkalimani.

6. Wasaidizi wa utafiti. Hili nalipita haraka, nisije nikaambiwa ndilo lililoniuma. Posho nililipwa. Lakini watu wanaowatazama wahojiwa usoni na kuahidi ndio sisi, na sisi ndio tunaobaki kijijini ahadi ikivunjika.

Sasa, majibu nitakayopewa nayajua, maana mengine nimeshapewa kwa simu.

Mtasema hakuna bajeti. Sijaomba semina ya hotelini yenye mabegi na chai ya saa 4. Kliniki ya wajawazito ipo kila wiki, akina mama 40 au 50 wamekaa kwenye mabenchi tangu saa 2 asubuhi, na kabla ya kupimwa huwa tunawapa somo. Nipeni nusu saa na kurasa mbili. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi 3, na mtendaji hakatai agenda ya afya. Nauli ya mtu mmoja mlishawahi kuipata alipokuja kuchukua majibu, kwa hiyo kifungu mnakijua kilipo.

Mtasema kuna siri za wahojiwa. Nani ameomba majina? Tunaomba mlichojifunza kwa wote 64 kwa pamoja. Siri ya Mama Zawadi ni ya Mama Zawadi, na yeye ndiye anayedai.

Mtasema matokeo yalikuwa yanangoja kuchapishwa jaridani. Yalingoja miaka mingapi? Mimba inangoja miezi 9.

Mtasema nakala ilipelekwa ngazi ya wilaya au mkoa. Inawezekana kabisa. Niliuliza wilayani, nikaoneshwa kabati. Nililifungua mwenyewe kwa ruhusa. Kuna taarifa nyingi nzuri mle, zimeshonwa vizuri, na mchwa wameanza kuzisoma.

Na mtasema, kwa haki kabisa, kwamba vifo vya uzazi vimepungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonesha 104. Mimi ni mmoja wa walioifanya kazi hiyo na najivunia. Lakini kumbukeni hesabu hiyo ilipatikanaje. Watu walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakauliza: dada zako waliozaliwa na mama yako ni wangapi, nani amefariki, alikuwa mjamzito? Kila tarakimu pale ni mtu aliyekaa na mgeni akamtaja marehemu wake kwa jina. Na hiyo 104 haijaisha. Baadhi yao huwa wanafia njiani kutoka vijiji vya kituo changu.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni mambo manne tu.

Kwanza, mtafiti au msimamizi wake aje, au atume kurasa mbili za Kiswahili zenye matokeo ya utafiti ule, kituoni kwetu na katika vijiji vilivyohojiwa. Nitazisoma mimi mwenyewe kliniki kama hakuna wa kusafiri, na kwa Kiha nitazitia mwenyewe.

Pili, tangu muhula ujao, tasnifu yoyote iliyotumia wahojiwa isipokelewe na ofisi ya masomo ya uzamili bila muhtasari wa Kiswahili na barua ya mganga mfawidhi au mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba majibu yamefika. Barua ya kuthibitisha kwamba mtafiti alifika kuhoji mnaidai tayari. Idaini na ya pili.

Tatu, kamati ya maadili ikipewa ombi jipya la kuhoji akina mama mahali ambapo wameshahojiwa, imuulize mwombaji amesoma nini cha waliomtangulia, na waliohojiwa awali waliambiwa nini.

Nne, maktaba iruhusu tasnifu za afya ya uzazi zisomwe na mtumishi wa afya yeyote mwenye namba ya usajili, akiwa alipo, bila kulipa.

Hayo matatu ya mwisho yana vikao vyake, nayaelewa, siwapi siku. La kwanza lina siku. Mama Zawadi ana wiki 33. Nimeshamwandikia kwenye kadi ajifungulie hospitali, penye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, na mumewe ameanza kuweka akiba ya nauli. Tarehe aliyopewa ni mwishoni mwa mwezi ujao. Kliniki yake inayofuata ni Jumanne ya wiki ijayo, nami nitakuwa zamu ya asubuhi. Ile fomu yenye dole gumba lake bado anayo. Niliiona juzi alipokuwa anatafuta kadi.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi Mkunga,
Kituo cha afya, Mkoa wa Kigoma.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Wilaya
Watendaji wa vijiji vilivyohojiwa
Ubao wa matangazo, kliniki ya wajawazito